Sinki lililokuwa likinyweshea mbuzi

Kila anayeingia jikoni kwangu anauliza lile sinki jeupe nimelitoa wapi, basi ngoja niseme yote hapa mara moja.

Nililikuta Muheza. Nilikwenda arobaini ya mjomba, nikatoka nyuma ya nyumba ya jirani kunawa mikono, nikaona kitu cheupe kimezama nusu kwenye tope, kimejaa majani ya mwembe na mbuzi wawili wananywa humo. Nikachuchumaa nikaligonga kwa vidole, likalia ngiii, kama bakuli zima la udongo. Hapo moyo ukanidunda kwasababu chombo cha udongo kikiwa na ufa hakilii hivyo, kinajibu du na kunyamaza.

Nikamwamkia mzee mwenye nyumba, shikamoo baba, nikamuuliza. Akaniambia lilitoka kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, nyumba ilipobomolewa kila mtu akabeba alichoweza, yeye akabeba sinki na milango miwili, na milango ndiyo ile nikaigeukia nikaiona bado imesimama na bawaba zake. Hela hakuitaka kwanza, alikuwa anawafikiria mbuzi wake watanywea wapi, tukakubaliana nimletee pipa la plastiki lililokatwa nusu na elfu hamsini juu yake.

Tuliligeuza watu watatu. Kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu lilisoma kilo 54! Chini kumegongwa Twyfords, jina la kiwanda, na neno England, yaani limetoka Staffordshire huko kwa wafinyanzi wa Uingereza. Mkonge wenyewe ulifika kwetu 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, kwahiyo mashamba mengi yalianzishwa na Wajerumani, lakini sinki hili ni la Mwingereza, basi nikajua lilikuja baada ya vita ya kwanza ya dunia nchi ilipobadili mikono. Na aliyeosha vyombo humo miaka yote hiyo hakuwa meneja. Alikuwa mtu wa kwetu, mpishi au boi wa nyumba kama walivyoitwa, na pale mbele kwenye ukingo pamelainika pale pale mtu anapoegemeza tumbo. Nalipenda zaidi kwasababu ya hapo.

Sasa kusafisha. Fundi wa kwanza alitaka kulimwagia dawa kali ya chooni halafu apige msasa ling'ae siku hiyo hiyo, nikamkatalia kabisa. Sinki la namna hii ni udongo mnene uliochomwa kwa moto mkali, juu yake kuna ganda jembamba kama kioo, na hilo ganda ndiyo kila kitu. Ukilikwaruza kwa msasa au stilwaya linabaki na mikwaruzo isiyoonekana, uchafu unaingia humo na kila mwezi linakuwa jeusi zaidi, na hakuna rangi ya dukani itakayolirudisha, mpaka lirudi kwenye tanuri. Kwahiyo nililoweka siku mbili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nikasugua kwa dodoki na bekingi soda iliyokorogwa ikawa tope, nikasuuza, nikarudia, siku nne hivyo. Palipokuwa na kutu chini ya koki nilibandika kitambaa chenye limau na chumvi, saa moja tu, nikaosha. Kutu ikapungua ikawa rangi ya chai ya maziwa na hapo nikaacha.

Kona moja ilikuwa imebanduka kipande kama ukucha wa kidole gumba. Nilidondoshea tone la maji pale likanywewa papo hapo, maana udongo ukiwa wazi una kiu, na ukiziba ukiwa na maji ndani gundi haishiki. Nililiweka kivulini penye upepo wiki tatu ndiyo nikaziba kwa gundi ya Araldite, nikapaka rangi nyeupe juu yake kidogo.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni tundu la kutolea maji. Vile vikombe vya chuma vya kufunga kwenye tundu hilo vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa masinki ya bati, skrubu yake fupi, na sakafu ya hili ina unene karibu inchi moja na nusu. Halafu ukingo wa juu una nafasi ya kupokea maji yakijaa, yanashuka ndani ya ukuta wenyewe wa sinki mpaka kwenye lile tundu, kwahiyo bomba la pale lazima liwe na matundu ya pembeni la sivyo maji hayo hayana pa kwenda. Nilizunguka Tanga mjini wiki nzima, mwisho fundi wa kukereza vyuma akanitengenezea la shaba, refu, akalitoboa matundu mawili pembeni kama nilivyomchorea. Kazi safi sana, na sikumpunja.

Kabati haliwezi kubeba uzito ule peke yake, nimejenga nguzo mbili za tofali na sinki limekaa juu yake kwa saruji nyembamba. Maji yanayochemka simwagi humo moja kwa moja, natangulizia ya baridi kwanza.

Jumamosi mama alikuja na changu wanne kutoka soko la samaki la Deep Sea, akawaparua humo humo, magamba yanaruka mpaka dirishani, na kwa ule urefu wa ukingo hakuinama. Akaegemea pale palipolainika.