Laptopu ya wapwa zangu: skrini iliyozima taa baada ya kuhamia Debian 12

Ijumaa usiku, Kondele

Laptopu hii niliinunua mitumba hapa Kisumu. Ina kichakataji cha Intel Core i5 cha kizazi cha pili, RAM ya gigabaiti 8 na skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na naitunza kwa ajili ya wapwa zangu wawili wanaojifunza kuandika programu za Python kila shule zinapofungwa. Tangu mwanzo imekuwa ikitumia Debian 11 (mfumo endeshi wa aina ya Linux), toleo la Agosti 2021 lenye keneli, yaani kiini cha mfumo, 5.10. Leo nimeihamishia Debian 12, iliyotolewa Juni 2023 ikiwa na keneli 6.1, kwa sababu sikutaka watoto waendelee kutumia mfumo ambao masasisho yake ya usalama yalikuwa yakielekea ukingoni.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Nilihifadhi mafaili yao kwenye diski ya nje, nikabadilisha neno bullseye (jina la Debian 11) kuwa bookworm (jina la Debian 12) ndani ya /etc/apt/sources.list, nikaongeza sehemu ya non-free-firmware (programu za vifaa zisizo huria) ambayo Debian 12 ndiyo iliyoianzisha, kisha nikaendesha amri za kusasisha, apt upgrade --without-new-pkgs na baadaye apt full-upgrade. Stima haikupotea hata mara moja, jambo nililokuwa nikiliombea, maana betri ya laptopu hii haidumu nusu saa.

Nilipoiwasha upya, menyu ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo) ilitokea kama kawaida, mistari michache ya maandishi ikapita, halafu skrini ikawa nyeusi tititi. Taa ya diski iliendelea kumetameta na kitufe cha Caps Lock kiliitikia. Mfumo ulikuwa unafanya kazi gizani.

Jumamosi

Asubuhi nilimpigia fundi mmoja wa mjini nikamweleza dalili hizo. Alisema skrini imekufa na kwamba nyingine ingenigharimu shilingi 6,500 pamoja na kazi yake. Sikuridhika, kwa kuwa skrini iliyokufa haiwezi kuonyesha menyu ya GRUB kila mara kwa rangi safi kisha ife tena mahali palepale, sekunde ileile, baada ya kila kuwashwa.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mpwa wangu mkubwa. Nilikuwa nimemwomba animulikie tochi ya simu nyuma ya laptopu nipate kuona tundu la HDMI, naye alipoipitisha mshazari juu ya kioo akasema, "Mjomba, ngoja, kuna maandishi humu ndani!" Niliinama nikatazama. Kwa kweli kisanduku cha kuandikia nywila kilikuwepo, hafifu kama maandishi yanayosomwa kupitia karatasi ya nyuma, lakini kamili.

Naona ni vizuri nilieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowagharimu watu fedha bure. Skrini ya aina hii haitoi mwanga wake yenyewe. Safu ya kioo kimiminika huchora picha kwa kuzuia au kupitisha mwanga, na mwanga huo hutoka kwenye taa iliyo nyuma yake, ambayo ina njia yake ya umeme na amri zake za kuongeza au kupunguza mwangaza. Picha inaweza kuwa nzima huku taa imezimwa, na mwenye laptopu akaapa kwamba kadi ya picha imeungua. Tochi iliyomulikwa kwa pembe hutenganisha mambo hayo mawili kwa muda mfupi bila kufungua parafujo hata moja.

Baada ya hapo niliunganisha laptopu na televisheni ya jirani kwa waya wa HDMI, na picha ikatokea hapo ikiwa safi na yenye ukubwa kamili. Kadi ya picha ilikuwa salama. Nilifanya majaribio mengine mawili kupitia menyu ya GRUB. Kwanza nilibonyeza herufi e na kuongeza nomodeset mwishoni mwa mstari wa linux: taa iliwaka, ingawa picha ilishuka hadi 1024 kwa 768, kwa kuwa neno hilo huizuia i915, draiva ya kadi ya picha ya Intel, isishike usukani, na taa ikabaki jinsi BIOS (programu ya msingi ya mashine inayotangulia mfumo) ilivyoiacha. Pili, nilichagua keneli ya zamani, 5.10, ambayo bado ilikuwa kwenye diski kwa sababu sikuwa nimeendesha apt autoremove. Kila kitu kikarudi kama zamani. Nawasihi wanaohama toleo waiache amri hiyo ya kufagia hadi watakapoona keneli mpya inafanya kazi kwa siku kadhaa.

Jumapili, baada ya ibada

Leo nimepata muda wa kulinganisha keneli hizo mbili nikitumia televisheni kama skrini. Linux huweka vidhibiti vya mwangaza katika saraka ya /sys/class/backlight. Chini ya keneli 5.10 saraka hiyo ilikuwa na viwili: acpi_video0, kinachopitia BIOS, na intel_backlight, kinachoendesha taa moja kwa moja kupitia kadi ya picha. Chini ya 6.1 kilibaki acpi_video0 peke yake. Niliandika 15, ambacho ndicho kiwango chake cha juu kabisa, ndani ya faili yake ya brightness. Faili ilipokea namba hiyo na kuionyesha tena bila kulalamika, lakini taa haikutikisika. Katika dmesg (kumbukumbu za ujumbe wa keneli) nilikuta mstari wa i915 unaosema kwamba usajili wa intel_backlight umerukwa.

Hilo halikuwa kosa la bahati mbaya. Kabla ya keneli 6.1, skrini moja iliweza kuwa na vidhibiti viwili au zaidi, na programu za juu ndizo zilizolazimika kukisia kipi ni cha kweli. Kuanzia 6.1 keneli yenyewe huchagua kimoja. Kwa mashine ambazo BIOS yake iliandikwa kwa kuzingatia Windows 8 au matoleo ya baadaye, huchagua kile cha kadi ya picha. Kwa zilizotangulia, kama hii yetu, BIOS ikitangaza kwamba ina njia yake, keneli huiamini. BIOS ya laptopu hii inatangaza njia ambayo haiendeshi taa yoyote.

Kwa nini basi sikuwahi kuliona tatizo hili miaka yote? Nilitafuta ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d, saraka ya mipangilio ya Xorg (programu inayochora madirisha kwenye skrini), nikakuta faili iitwayo 20-intel.conf, niliyoiweka mwenyewe siku za mwanzo vitufe vya mwangaza vilipokataa kufanya kazi. Ndani yake kuna mstari Option "Backlight" "intel_backlight". Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiielekeza Xorg kwenye kidhibiti sahihi na kuuficha udhaifu wa BIOS, na sasa ilikuwa inaelekeza kwenye kitu ambacho hakipo tena. Sikuwa nimeandika popote kwamba niliiweka. Ndiyo sababu nimeanza kumbukumbu hii.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Katika menyu ya GRUB nilibonyeza e na kuongeza acpi_backlight=native, neno linaloiamuru keneli itumie kidhibiti cha kadi ya picha, nikawasha kwa Ctrl na X, na skrini ikawaka. Nilikuwa nimeketi sakafuni karibu na televisheni ya jirani, na watoto wakapiga makofi. Baada ya kuhakikisha mara tatu, niliandika neno hilo ndani ya /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT baada ya quiet, nikaendesha update-grub. Faili ya 20-intel.conf nimeiondoa kabisa, na sasa Xorg inatumia draiva ya jumla iitwayo modesetting.

Jumatano

Siku tatu zimepita. Vitufe vya mwangaza vinafanya kazi, kiwango cha mwangaza kinakumbukwa laptopu inapozimwa na kuwashwa, na kuifunga kisha kuifungua hakuleti giza tena. Jambo moja bado linanisumbua: mwangaza ukishushwa hadi sifuri, taa huzimika kabisa badala ya kubaki hafifu, na mpwa mdogo ameshafanya hivyo mara mbili kwa kubonyeza kitufe bila kukusudia. Kwa sasa nimebandika karatasi chini ya skrini yenye maneno "Fn na mshale wa juu", na mwishoni mwa juma nitaandika skripti ndogo ya kuuzuia mwangaza usishuke chini ya 300, kati ya kiwango cha juu cha 4882.