Kwa Treni Hadi Swansea, Mahali Mahasimu Wawili Walipofanywa Timu Moja

Treni ya kuelekea magharibi iliondoka Cardiff, mji mkuu wa Wales, asubuhi yenye manyunyu, nami nilikuwa nimechagua kiti cha dirishani upande wa kushoto ili nione bahari itakapojitokeza. Safari yenyewe si ndefu, lakini reli hiyo inapita katika miji ileile iliyoizaa Ospreys, timu ya raga iliyoundwa mwaka 2003 kwa kuziunganisha Neath na Swansea, klabu mbili jirani ambazo kwa zaidi ya karne moja hazikupikika chungu kimoja.

Muungano ule haukutokana na mapenzi. Mwaka huo timu ya taifa ya Wales ilikuwa imepoteza mechi zake zote tano za Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya raga ya Ulaya, hata ile ya Italia, huku klabu tisa za daraja la juu zikigombea wachezaji wachache na fedha zilizokuwa chache zaidi. David Moffett, mtendaji mkuu wa Chama cha Raga cha Wales, alitaka zibaki timu nne. Baada ya mvutano mkali zikapatikana tano. Cardiff na Llanelli zilisimama kila moja peke yake, Newport ikawa kitovu cha timu ya eneo la Gwent, na Pontypridd ikaunganishwa na Bridgend kwa jina la Celtic Warriors.

Tulipita Bridgend upesi, kama ilivyopita timu yake. Warriors walicheza msimu mmoja tu. Januari 2004 waliifunga Wasps, klabu ya England, ugenini, Wasps ileile iliyotwaa ubingwa wa Ulaya miezi michache baadaye, na katika Ligi ya Celtic, ligi ya timu za Wales, Ireland na Scotland, walimaliza katika nafasi ya nne. Hata hivyo kufikia kiangazi timu ilikuwa imevunjwa. Kilichowaua ni fedha, wala si raga yao.

Baada ya mitambo ya chuma ya Port Talbot nilishuka Neath. Mji ni mdogo, na kutoka stesheni unaweza kutembea bila haraka hadi hoteli ya Castle, ambako Chama cha Raga cha Wales kiliundwa Machi 1881, kisha ukaendelea hadi uwanja wa Gnoll. Langoni nilimkuta mzee aliyevaa kofia nyeusi yenye msalaba mweupe wa Malta, nembo ya Neath, klabu ya mwaka 1871. Nilimwamkia, tukazungumza. Aliniambia kwamba katika misimu ile miwili ya mwanzo, mechi za nyumbani zilipokuwa zikigawanywa kati ya Gnoll na St Helen's ya Swansea, alihudhuria za Gnoll peke yake. Nyingine alizisikiliza redioni, na timu ikishinda huko alifurahi kimyakimya ili mkewe asimcheke.

Waliopanga mambo walijua watu wa namna hii wapo. Kocha wa kwanza, Lyn Jones, alitoka Neath. Nahodha, Scott Gibbs, alitoka Swansea. Kati ya wachezaji, Shane Williams aliletwa na Neath, Gavin Henson na Swansea. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kilichowatuliza mashabiki ni kikombe. Machi 2005, mbele ya mashabiki wa Gnoll, Ospreys waliifunga Edinburgh ya Scotland na kutwaa Ligi ya Celtic, siku chache tu baada ya Wales kukamilisha ushindi wa mechi zote za Mataifa Sita kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Mchana nilifika St Helen's, uwanja ambao barabara tu ndiyo inayoutenga na ufuo wa bahari. Hapa Swansea iliifunga New Zealand kwa alama 11 kwa 3 mwaka 1935, huku Haydn Tanner na Willie Davies, binamu wawili waliokuwa bado wanafunzi wa shule, wakiuongoza mchezo. Kumwambia shabiki wa mahali hapa kwamba kwake sasa ni kwingine halikuwa jambo dogo.

Na ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2005 timu iliyaacha majina ya Neath na Swansea, ikabaki Ospreys, ikahamia uwanja mpya wa Liberty kando ya mto Tawe, ambao ilishirikiana na klabu ya soka ya mji. Nilipouzunguka uwanja huo niliona viti vingi na starehe zaidi kuliko Gnoll, ingawa hauna uzee wa Gnoll. Pengine huo ndio uliokuwa ubora wake: hakuna upande ulioweza kudai kwamba mwenzake amekuja kwake kama mgeni. Novemba 2006 Australia A, timu ya pili ya taifa hilo, ilifungwa hapo kwa alama 24 kwa 16, na mwaka uliofuata ligi ikatwaliwa tena.

Februari 2008, Wales ilipoanza Mataifa Sita kwa kuishinda England kule Twickenham, uwanja wa London, wachezaji 13 kati ya 15 walioanza walikuwa wa Ospreys. Nahodha wa Wales, Ryan Jones, alikuwa ameletwa Swansea na kuvunjika kwa Celtic Warriors.