Mbona unakanyaga breki na gari bado limezimwa?

Kitinda mimba wetu ndiye aliyeuliza, juzi asubuhi nikimpeleka shule. "Baba, mbona kila siku unakanyaga hiyo kitu mara tano na gari bado limezimwa?" Nikamjibu kwamba ni mazoea tu. Mama yake, aliyekuwa kiti cha mbele, aligeukia dirishani na kuanza kucheka, na alicheka mpaka tukapita Uthiru. Yeye alikuwepo siku ile Kangemi.

Ilikuwa Jumamosi mwaka 2011. Gari mnalijua, lile Toyota Corolla 110 la kijivu, la 1998, otomatiki. Kwa wiki mbili breki za mbele zilikuwa zikilia mlio mwembamba kila nikipunguza mwendo. Mlio huo si hitilafu, ni kengele. Pedi, yaani vile vibamba vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame, huwa na kijibati kidogo kilichopindwa, nacho hugusa diski pedi inapobaki milimita mbili au tatu. Ukikipuuza, mlio hugeuka mkwaruzo mzito, na hapo ni chuma kwa chuma na diski unaiaga. Nilishuka Kirinyaga Road, ile barabara ya maduka ya vipuri jijini Nairobi ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, nikanunua pedi za mbele. Usiende kule ukasema "za 110" na basi. Beba pedi ya zamani mkononi au nambari ya chesisi, kwa maana 110 mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na kalipa tofauti, yaani kile kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski.

Kwa kuwa gari lingekuwa juu ya jeki hata hivyo, niliamua nibadilishe na oili ya giaboksi. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili na kukipangusa kwa karatasi nyeupe, oili ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na ilinuka mkate ulioungua. Oili nzuri ya gia otomatiki ni nyekundu, na haina harufu ya kuungua. Fundi wa pale juu karibu na stendi alinionya: giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili, ukiiosha yote kwa mashine utaiua, maana uchafu ule ndio unaoshika zile klachi zilizolika, yaani sahani za ndani zinazoshikanisha gia. Hilo ni nusu ukweli. Klachi zilizokwisha zimekwisha, oili mpya haiziui, inazifichua tu. Hata hivyo nilifuata njia ya katikati: unamwaga kinachotoka kwenye nati ya chini, unarudisha kiasi hicho hicho, unaendesha wiki moja, kisha unarudia. Nati yenyewe ilihitaji alenki namba 10, ule ufunguo wa pembe sita. Zilitoka kama lita tatu, na zaidi ya nusu ya oili hubaki ndani haitoki, hasa kwenye tobokonveta, kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili. Nilipima nilichomwaga kwa chupa ya maji ya lita moja, nikarudisha oili mpya ya aina ya Dexron III kipimo kile kile kupitia bomba la kijiti. Kipimo cha mwisho husomwa injini ikiwa moto na inanguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kuanzia P (ya kuegesha) hadi L (gia ya chini) na kurudi P. Ukizidisha, oili hufanya povu na gia huanza kuteleza, kwa hiyo afadhali upunguke kidogo uongeze baadaye.

Breki zilinichukua muda zaidi. Nililegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, nikaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, ndipo nikapiga jeki na kuingiza vyuma vya kushikilia gari chini yake. Bolti ya chini ya kalipa ni spana namba 14. Ukiitoa, kalipa inakunjuka juu kama kifuniko cha sufuria. Niliifunga kwa waya ili isining'inie kwa ule mpira wa mafuta. Upande wa kushoto pedi ya nje ilikuwa na milimita nne na ya ndani haifiki moja. Pedi zikilika hivyo, kosa si la pedi, ni zile pini ambazo kalipa hutelezea. Zimekauka, kalipa haisogei, na pedi moja inafanya kazi ya mbili. Nilizitoa, nikazisugua kwa msasa laini, nikazipaka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya magurudumu huvimbisha mipira yake, halafu zinakwama vibaya kuliko mwanzo.

Kisha nikarudisha pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, ndani kwa klampu, pedi kuukuu ikiwa katikati isiumize pistoni. Hapa nilipata somo la kwanza: mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimejaza kijagi cha mafuta ya breki mpaka juu, nikidhani nalisaidia gari. Mafuta hushuka kadiri pedi zinavyolika, na pistoni zikirudi, hupanda tena. Yalimwagika kwenye bodi chini ya boneti. Mafuta ya breki hula rangi, na ile alama ipo hadi leo. Nilimwagia maji haraka nikaendelea, nikijiona fundi kamili.

Kufikia saa kumi na moja jioni kila kitu kilikuwa kimekazwa, nati za magurudumu kwa mtindo wa nyota. Mke wangu akaketi kando yangu, tuzunguke kidogo. Wanaoijua Kangemi wanajua njia zinavyoteremka kuelekea mtoni. Geti letu lilikuwa juu kabisa ya mteremko mmoja wa namna hiyo, na chini yake, mita hamsini hivi, kulikuwa na kibanda cha mama mboga.

Gari lile halitoki kwenye P bila kukanyaga breki, kwa hiyo nilikanyaga. Pedali ilizama mpaka chini kama mguu uliokosa ngazi gizani. Mkono wa gia ukakubali, kwani swichi yake huona tu kwamba pedali imesogea, haijui kama kuna breki. Nami sikuisikia pedali. Masikio yangu yote yalikuwa kwenye giaboksi, nikisikiliza kama oili mpya inashika. Ilishika vizuri ajabu, hata nikamwambia mama watoto, "Sikia ilivyo laini."

Tukavuka geti, pua ya gari ikainama. Nikakanyaga. Hakuna kitu.

Kama ningeachia nikakanyaga tena, na tena, breki zingekuja. Nilikuwa nimesukuma pistoni nyuma, na kila mkanyago ungezisogeza kidogo mpaka pedi ziguse diski. Nalijua hilo. Nilikuwa nimemweleza jirani jambo hilo hilo mwezi uliopita! Lakini mguu ulioogopa hauachii. Niling'ang'ania pale chini kwa nguvu zangu zote, nikiona malimao, nikiona sukuma wiki zilizofungwa kwa kamba, nikiona mama mboga ameinua kichwa. Nikasukuma mkono wa gia hadi P. Giaboksi ikalia tatatatata, kama mtu anayekokota rungu kwenye uzio wa mabati, na gari halikujali. Kile kijino cha P kimewekwa kushikilia gari lililosimama. Likiwa linatembea kinarukaruka tu juu ya meno ya gurudumu lake.

Mkono wa kike ukapita mbele yangu ukavuta handibreki.

Handibreki ni waya, huenda hadi kwenye ngoma za nyuma, na za nyuma sikuwa nimezigusa. Gari likasimama bampa ikiwa imelala juu ya meza ya kibanda. Debe moja la nyanya lilipinduka.

Mama mboga hakupiga kelele. Alizunguka mbele, akanitazama nikiwa bado nimekanyaga pedali. "Kijana, hizi nyanya utalipa wewe ama ni gari?"

Nililipa. Tulikula nyanya wiki nzima.

Usiku ule niliimwaga oili mpya, nikafungua sufuria ya giaboksi, kile chombo cha chini cha oili, kutazama sumaku inayonasa mabaki ya chuma. Ilikuwa na tope laini la kijivu, ambalo ni la kawaida. Vipande vya chuma sikuviona. Nikaifunga nikalala. Miezi minane baadaye gari likaanza kusita likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, na kabla ya Krismasi giaboksi ikafa. Yule fundi wa stendi anashikilia mpaka kesho kuwa ni oili mpya. Mimi nashuku ile tatatata, ingawa kijino cha P na klachi za gia ni vitu viwili mbali. Mama watoto anasema lilikuwa gari la 1998 na mwenyewe nilikuwa nimelinunua la tatu mkono.