Wazee hawajali? Mimi sikubali

Kuna maneno siyapendi kabisa: kwamba wazee hawajali mazingira kwa sababu joto likizidi hawatakuwepo. Wiki hii nimeyasikia tena kutoka kwa watu wa rika langu, na yamenikaa rohoni.

Mama yangu sijawahi kumsikia akitamka "mabadiliko ya tabianchi". Lakini droo yake imejaa vipande vya kamba, vifungo alivyovikata kwenye mashati yaliyochakaa, na mifuko ya plastiki iliyooshwa, ikakaushwa, ikakunjwa vizuri. Ukimuuliza, anakujibu, "Mwanangu, kitu kizima unakitupaje?" Kwake huo si uanaharakati, ndivyo alivyolelewa. Wanaobadilisha simu ingali inafanya kazi ni wa rika langu, na ndio hao hao wanaowasema wazee.

Wapo wazee wanaobisha, sikatai. Watakwambia jua limekuwa kali tangu enzi na enzi. Ila nadhani hasira yao ina chanzo. Mtu amehangaika maisha yake yote kutafuta umeme, barabara na kazi ya kiwandani, kwa mshahara huo akasomesha watoto. Leo watoto hao hao wanamwambia kwamba moshi wa kiwanda kile umechangia kuiharibu dunia. Hata kama ni kweli, yeye anachosikia ni kwamba jasho lake lote lilikuwa kosa. Nani asingeziba masikio? Mimi naona tusianze na lawama. Tuanze na anachokikumbuka.

Maana kumbukumbu zao zina kazi kubwa. Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi, Daniel Pauly, aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huchukulia hali ya samaki waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo ya kawaida. Samaki wakipungua, wanaofuata wanaanzia hapo hapo palipopungua, na hasara ya nyuma haihesabiwi tena. Kwa hiyo mzee akisema mto huu zamani haukuwa unakauka, tafadhali usimkatize. Muulize ulianza kukauka lini, na ndege gani walikuwa wakitua pale.

Tena joto lenyewe huwaumiza wao kwanza. Mwili wa mzee hautoi jasho kama wa kijana, na kiu huchelewa kumjia. Joto la kiangazi cha mwaka 2003 barani Ulaya linakadiriwa kuua watu zaidi ya 70,000, wengi wao wazee.

Wengine hawakukaa kusubiri. Uswisi kuna chama cha wanawake wazee, KlimaSeniorinnen, kilichoanzishwa mwaka 2016. Waliitaka serikali yao ipunguze hewa ukaa kwa kasi zaidi, wakakataliwa, wakaenda mahakamani, wakashindwa hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Hawakurudi nyumbani. Walikwenda Strasbourg, na tarehe 9 Aprili 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Uswisi imekiuka haki zao kwa kutochukua hatua za kutosha. Hao ni wanawake waliojua fika kwamba matunda ya kesi ile huenda wasiyaone wenyewe, na bado waliipigania miaka yote hiyo.

Wenzangu wa wiki hii nitawatumia habari ya kesi hiyo leo leo. Kisha nataka kusikia watasema nini.