Jinsi Nilivyoipata Picha Halisi ya Apollo 11 Bila Kulipia Ruhusa

Kwa miezi kadhaa nilitafuta nakala nzuri ya ile picha ya Julai 1969 inayomwonyesha Buzz Aldrin amesimama juu ya Mwezi, huku kioo cha kofia yake kikiakisi umbo la Neil Armstrong aliyeshika kamera. Nilitaka kuichapa kwa ukubwa wa kujaza ukuta. Karibu kila niliyemwuliza alinipa ushauri uliokuwa na kasoro, na ndiyo sababu naandika haya.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kwamba picha ya namna hiyo lazima ina mwenyewe, kwa hiyo nilipie ruhusa kwa muuzaji wa picha. Nililipa fedha ambazo zingetosha kuchapa picha yenyewe mara mbili. Faili niliyopewa ilionekana safi kwenye skrini ndogo, lakini nilipoikuza, changarawe za ardhi ya Mwezi ziligeuka madoa, na maelezo yaliyoambatana nayo yalisema kwamba aliyesimama pale ni Armstrong. Baadaye ndipo nilipojua kwamba picha zilizopigwa na NASA, shirika la anga la Marekani, kwa kawaida hazina hakimiliki nchini humo, kwa kuwa ni kazi ya watumishi wa serikali, na kwamba yeyote anaweza kuzipakua na kuzichapa. Kinachozuiwa ni kutumia nembo ya NASA ovyo au kuzitumia picha kana kwamba shirika hilo linaunga mkono bidhaa yako. Uhuru huo hauhusu kila safari ya Mwezini. Picha za video za Kaguya, chombo cha Japani kilichouzunguka Mwezi, kwa mfano, ni za JAXA, shirika la anga la Japani, na NHK, shirika la utangazaji la nchi hiyo, nazo zina masharti yake.

Nilipata njia siku nilipoacha kutafuta kwa maneno nikaanza kutafuta kwa namba. Picha hiyo inaitwa AS11-40-5903: AS11 ni safari ya Apollo 11, 40 ni kasha la filamu lililokuwa ndani ya kamera ya Hasselblad, na 5903 ni fremu. Ukiandika jina la mwanaanga utaletewa maelfu ya nakala zilizokatwa, kung'arishwa na kutiwa rangi. Ukiandika namba, unafikishwa kwenye hazina zenyewe, kama vile Project Apollo Archive, ambako makasha mazima yamewekwa fremu kwa fremu, pamoja na zile zilizoharibika.

Hata hapo sikuridhika upesi, kwa sababu nilikuta matoleo mawili ya fremu ileile: moja lenye anga pana jeusi juu ya kichwa cha Aldrin, na jingine ambalo kichwa karibu kinagusa ukingo. Rafiki mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba lenye anga pana ndilo la asili, na jingine limekatwa. Niliamua kupima mwenyewe. Kamera zile zilikuwa na bamba la kioo lenye misalaba midogo 25, mistari mitano ya misalaba mitano mitano, na ule wa katikati ni mkubwa kuliko mingine, ili wataalamu waweze kupima umbali na kugundua kama filamu imejikunja. Nilichukua rula, nikatafuta msalaba mkubwa katika kila toleo. Katika lile lenye anga pana, msalaba haukuwa katikati; ulikuwa umeshuka chini. Katika lile lililobana, ulikaa mahali pake. Maana yake ni kwamba Armstrong alipiga picha iliyobana, na weusi wa juu uliongezwa baadaye ili ipendeze machoni. Jioni ile nilifurahi kuliko siku niliyoipata picha yenyewe, na tangu hapo siamini nakala yoyote kabla ya kuutafuta msalaba wa katikati. Ukiona baadhi ya misalaba imefifia juu ya vitu vyeupe, usidhani ni udanganyifu. Mwanga mkali husambaa kwenye filamu na kumeza mstari mwembamba.

Niliambiwa pia nipakue skani ghafi za filamu za asili, zilizotayarishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kwa ushirikiano na Kituo cha Anga cha Johnson cha NASA. Ni kazi ya kupendeza sana, lakini faili zake ni nzito, na muunganisho wangu ulikatika mara nne kabla sijaacha. Kwa ukuta wa nyumba, nakala ya kawaida ya ubora wa juu inatosha. Anayetaka kuona mahali chombo Eagle kilipotua jinsi panavyoonekana sasa, atazame ramani za kamera ya LRO, chombo cha NASA kilichorushwa mwaka 2009 kuuzunguka Mwezi, badala ya kuhangaika na faili ghafi kama nilivyofanya.

Faida kubwa ya kupitia kasha zima sikuitarajia. Nikifuata namba moja baada ya nyingine, nilifika kwenye fremu za 5881 hadi 5891, ambazo Aldrin alizipiga akigeuka polepole ili kuonyesha mandhari yote. Katika 5886 yumo Armstrong, ametupa mgongo, anafanya kazi kando ya Eagle. Kwa kuwa kamera ilikuwa mikononi mwake karibu muda wote, picha zake akiwa juu ya Mwezi ni chache mno. Niliziunganisha fremu hizo kwa programu huria ya Hugin, kazi iliyonichukua siku mbili, hasa kwa sababu programu iliidhania misalaba kuwa sehemu ya mandhari, ikabidi nichague mwenyewe mawe ya kulinganisha kutoka fremu hadi fremu. Mwishowe sikuichapa 5903. Ukutani pangu pana mandhari hayo marefu, na ndani yake Armstrong ana urefu wa kidole changu cha shahada.