Siku Moja Maishani Mwangu: Taa Mbili za Gari na Upepo wa Ziwa

Saa 12:15 asubuhi, kabla sijanawa uso, hutoka uani kuliangalia ziwa. Nyumba yangu ipo Nyegezi, imebanwa na majabali pande tatu kama nyumba nyingi za Mwanza, na ukipanda jabali lililo nyuma ya jiko unayaona maji ya ghuba. Mandhari siyatazami, natafuta moshi. Wale wadudu wadogo wa ziwani huibuka majini kwa makundi yasiyohesabika na kupanda angani katika nguzo nyeusi, hata mgeni akadhani kuna kijiji kinachoungua upande wa pili. Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba wadudu hao huzidi wakati wa mwezi mwandamo, usiku unapokuwa wa giza, yaani siku zile zile ambazo taa zao za uvuvi hufanya kazi vizuri. Nami nimelijua jambo hilo kwa hasara, baada ya kundi zima kutua juu ya taa ya gari la mteja niliyokuwa nimetoka kuipuliza rangi angavu ya kuilinda.

Jumamosi hii niliona nguzo mbili upande wa magharibi. Asubuhi si tatizo, kwa kuwa upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, lakini mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani ukiwa umebeba chochote kilichopo juu ya maji. Nikajipangia kuwa upulizaji uishe kabla ya saa 7:00 mchana.

Kazi yangu ni kurejesha mwanga wa taa za mbele za magari, zile zilizogeuka njano, zilizofifia au zilizotiwa weusi kwa sababu za urembo. Naifanyia nyumbani, kwa msasa, maji, kompresa ndogo (mashine ya kujaza hewa ya kupulizia rangi) na subira.

Saa 1:30 mteja wa kwanza aliingia na Toyota IST ya kijivu. Ni mwalimu mstaafu, na kila wiki huvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kuangalia shamba, akarejea usiku.

“Mwangaluka, fundi,” alinisalimia kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, Mwalimu. Shikamoo.”

“Marahaba. Hizi taa alizitia weusi kijana wangu, akasema gari limependeza. Sasa mimi nikirudi usiku nasubiri basi lipite, nilifuate nyuma nione njia kwa taa zake.”

Kabla ya kugusa taa yoyote huiwasha na kuitazama kwa karibu, kwa sababu msasa unatibu upande wa nje tu. Kama nyufa zipo ndani ya plastiki, au kama gundi inayounganisha kioo na kasha lake imeachia na matone ya maji yamening'inia ndani, nitasugua mpaka jioni na taa itabaki na ukungu wake. Siku hiyo hiyo nilimrudisha dereva mmoja wa Noah kwa sababu hiyo, akaondoka amenuna. Taa za Mwalimu zilikuwa kavu ndani. Ya kushoto ilikuwa imebandikwa karatasi nyeusi ya plastiki; ya kulia, ambayo karatasi yake ilibanduka zamani, kijana aliipulizia rangi nyeusi ya kopo. Pembeni mwa hiyo ya kulia kulikuwa na mtandao wa nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui, nikauliza kama kuna mtu aliyejaribu kuifuta kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Mwalimu akacheka kwa aibu. Alikuwa ni yeye.

Sehemu ya mbele ya taa tunaiita kioo kwa mazoea, lakini kwa magari mengi ya leo si kioo. Ni polikaboneti, plastiki ambayo Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani aliigundua mwaka 1953, na ambayo Marekani iliiruhusu kwenye taa za magari miaka ya 1980, gari la Lincoln Mark VII la mwaka 1984 likiwa la kwanza huko kutoka nayo. Ni nyepesi, na jiwe la barabarani haliipasui kirahisi. Ina udhaifu wa aina mbili: miali ya jua isiyoonekana kwa macho huivunjavunja na kuigeuza njano, na vimiminika vikali kama tina huipasua. Ndiyo maana kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ngumu ya kuizuia miali hiyo. Mwanza ipo karibu na ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu halina mchezo, na gari lililokwisha kutumika miaka kumi Japani huletwa hapa likiwa na ngozi iliyochoka tayari. Kinachoonekana kama uchafu wa taa ni ngozi hiyo inayokufa.

Saa 2:15 niliosha taa kwa sabuni na kubandika tepu ya karatasi tabaka mbili kuzunguka boneti, bampa na matao, maana msasa ukiteleza mara moja kwenye rangi ya gari, faida ya siku imekwenda. Karatasi nyeusi ya kushoto niliipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu, ambaye hataki kuliona tena jambo hilo, nikaivuta polepole ikatoka nzima. Gundi iliyobaki niliifuta kwa spiriti ya hospitali.

Taa ya kulia ndiyo iliyonila muda. Rangi ya kopo haibanduki, husuguliwa. Nilianza na msasa wa maji namba 400 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), mpwa wangu akishika mpira wa maji, na maji yakashuka meusi kama ya kuosha sufuria ya kuni. Katika kazi hii macho hayaangalii taa, yanaangalia maji. Yanapoacha kuwa meusi na kuanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue rangi imekwisha na sasa unakula ile ngozi ya kiwandani iliyogeuka njano. Yanapokuwa meupe kabisa, umefika kwenye plastiki yenyewe. Mafundi wengi wa haraka huishia katikati, na taa yao inapokauka hubaki na mabaka yenye kingo, kama ramani ya visiwa vya Ukerewe. Mkono nao hukuambia: penye ngozi msasa unateleza, penye plastiki tupu unakamata sawasawa.

“Mjomba, kwa nini unabadilisha upande?” mpwa wangu aliuliza nilipochukua namba 600.

Nilimwonyesha. Namba 400 nilisugua kwenda kulia na kushoto; namba 600 nasugua juu na chini, ili mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikibaki ionekane imekatiza njia ya ile mpya. Hakuna kwenda namba 800 mpaka mstari wa mwisho wa kulia na kushoto umepotea. Ukisugua upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, mikwaruzo mikubwa hujificha ndani ya midogo na kujitokeza usiku, taa inapowashwa.

Saa 4:00 tulipumzika kwa chai na michembe ya karanga, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Kivuli cha jabali kilikuwa kimeanza kunikimbia. Sifanyii kazi hii chini ya mwembe, ingawa kivuli chake ni kizuri, kwa sababu mwembe hudondosha utomvu na haukupi taarifa.

Saa 5:00 nilimaliza namba 1000 kwenye taa zote mbili, nikazikausha na kuziacha. Mwalimu alisogea, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

“Fundi, taa yangu imekuwa dirisha la bafuni.”

Hapa ndipo wateja wengi hupoteza imani, nami siwalaumu. Taa ilikuwa nyeupe, kavu, haipitishi sura ya mtu. Ningeweza kuendelea na namba 1500, 2000 na 3000, kisha kompaundi ya kung'arishia, na saa hiyo hiyo ingeng'aa. Kuna hata wanaosugua kwa dawa ya meno, na kwa wiki chache hupendeza kweli. Lakini plastiki iliyong'arishwa bila ngozi mpya iko uchi mbele ya jua, na baada ya miezi kadhaa hurudi njano. Rangi angavu ya gari, ile inayopitisha mwanga na kuchanganywa na hadina, kimiminika cha kuigandisha, ndiyo inayochukua nafasi ya ngozi ya kiwandani, nayo inahitaji mikwaruzo ya kushikia. Inapoingia ndani ya mikwaruzo hiyo huijaza, na ukungu hutoweka wenyewe. Kwa hiyo mimi husimama pale ambapo kazi inaonekana mbaya zaidi.

Saa 5:30 niliifuta taa kwa spiriti, nikavaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, nikampeleka mpwa wangu mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapa. Hadina ina isosayaneti, ambazo huharibu mapafu ya mtu taratibu huku akijiona mzima. Nilichanganya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, nikapuliza tabaka la kwanza jepesi, kama umande, nikangoja dakika kumi na tano.

Dakika ya kumi umeme ulikatika.

Rangi iliyochanganywa haikusubiri. Imekwisha kuanza kuganda ndani ya kikombe, na tabaka la kwanza likikauka kupita kiasi la pili halitashikana nalo vizuri mpaka usugue tena. Niliisogelea kompresa nikasoma geji, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Tangi ni la lita 50 na lilikuwa limejaa, bari 8. Bomba langu dogo la kupulizia rangi hufanya kazi vizuri kwa bari 2, kwa hiyo nilikuwa na tofauti ya bari 6, mara lita 50, lita 300 za hewa. Bomba hilo hula kama lita 100 kwa dakika. Dakika tatu, basi, na taa mbili. Sikuwahi kupiga hesabu hiyo siku za umeme.

Nilianza na ya kulia kwa sababu ndiyo iliyoteseka zaidi, nikapita mara nne, mkono ukienda bila kusimama, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Ile hali ya bafuni iliyeyuka mbele ya macho yetu. Mwalimu alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Ya kushoto niliimaliza geji ikiwa chini kidogo ya bari 2, na ukingo wa mwisho ulitoka na punje ndogo kama ganda la chungwa, kwa kuwa hewa haikutosha kuipasua rangi vizuri.

Saa 6:40 jani la mgomba wa jirani liligeuka. Upepo wa ziwa ulikuwa umewahi. Niliweka turubai juu ya fimbo nne mbele ya gari, bila kugusa taa, na wadudu wakaja wakajaa juu yake wakilia kwa ile sauti yao nyembamba. Watatu walipita chini, wakatua kwenye taa ya kushoto. Mwalimu alinyoosha kidole kumtoa mmoja. Nilimshika mkono kwa heshima. Kidole huacha shimo, mdudu huacha alama ndogo tu.

Mchana ulikuwa wa ugali, sato na kungoja. Gari lilibaki pale mpaka jioni.

Saa 1:15 usiku tulilielekeza gari kwenye ukuta wa uzio, umbali wa hatua kumi. Mwalimu aliwasha taa. Ukuta uliangaza mpaka nyufa za plasta zikaonekana, na mwanga ulikatika sawasawa kwa juu. Ule utando wa nyufa za tina bado upo pembeni ya taa ya kulia, nao utabaki. Nilimwambia tangu asubuhi. Kwenye taa ya kushoto vivuli vitatu vidogo vilionekana ukutani, kila kimoja na mabawa yake.

“Hawa ni wa bure?” aliuliza.

Nilimwambia asilioshe gari kwa wiki nzima, kisha Jumamosi ijayo alilete asubuhi, rangi ikiwa imekomaa, niwasugue wale watatu na ule ukingo kwa namba 2000 na kuupitisha kompaundi. Akanihesabia fedha kwa mwanga wa taa zake mwenyewe, akarudi nyuma taratibu kati ya majabali, na umeme ulikuwa bado haujarudi.