Siku moja maishani mwangu: fundi wa matundu, Ngamiani, Tanga

Saa 11:30 alfajiri adhana inaniamsha kabla ya simu. Naswali, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha mihogo, halafu nafunga begi nyuma ya baiskeli: drili, misumeno ya duara ya kutobolea matundu ya milimita 20, 25 na 32, tupa mbili, glandi (pete za kushika waya unapopita tundu), vizibo, kikopo cha redi oksaidi, yaani rangi ya kuzuia kutu, na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Kutoka Makorora hadi Ngamiani ni mwendo wa kupasha miguu tu.

Nikisema mimi ni fundi umeme, watu wanawaza nguzo na ngazi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kutoboa na kuziba matundu kwenye makasha ya chuma ya sakiti breka, yale tunayoyaita mtaani meni swichi. Uingereza, ambako mafundi wengi huku tulirithi kanuni zetu za wayaringi, tangu Januari 2016 kasha la nyumbani lazima liwe la kitu kisichoungua. La plastiki, skrubu ikilegea waya ukachemka, nalo linashika moto. Chuma hakiungui, ila kina visa vyake. Ukingo wake unakata waya kama wembe, bati lote linapitisha umeme, na hapa Tanga hewa ya chumvi inalila pole pole.

Saa 2 asubuhi niko barazani kwa mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa matundu?"

Ndiyo mimi. Shida yake ni kwamba usiku maji ya bomba yakija na pampu ikawaka, ile swichi ya usalama yenye kitufe cha T inaruka. Fundi aliyepita alimshauri abadilishe pampu. Akabadilisha. Ikaendelea kuruka.

Napima kwa testa, nazima umeme pale unapotoka kwenye mita, napima tena, kisha naijaribu testa kwenye soketi ya mpangaji mwenye mita yake nijue haijafa mikononi mwangu. Nafungua kasha. Kwanza namkuta mjusi, mkavu kama dagaa, kalala juu ya baa ya nyutro, kile kipande kinachokusanya nyaya za kurudisha umeme. Kaingilia juu, ambako vifuniko sita vya matundu vimegongwa kwa nyundo vikatoka na ni vitatu tu vilivyopitisha waya. Halafu nauona waya wa pampu: umepita kwenye bati tupu, hauna glandi wala mpira, na kila pampu ikitikisa ukuta ukingo umeusugua hadi shaba inang'aa upana wa punje ya mchele. Pale bati limefanya alama nyeusi. Pampu ya kwanza ya mzee ilikuwa nzima.

La tatu mzee hakulielewa, na simlaumu. Waya wa moto kutoka mita umepita tundu lake, nyutro tundu lake. Kwenye kasha la plastiki hakuna neno. Kwenye chuma, umeme ukipita unazungukwa na usumaku, na usumaku huo unazunguka ndani ya bati na kulipasha joto. Zikipita nyaya zote mbili tundu moja, usumaku wa huyu unaufuta wa yule. Kwa hiyo ama upasue mfereji kati ya matundu mawili kwa msumeno wa chuma, ama utoboe moja kubwa la kupitisha zote. Mimi napenda moja kubwa.

"Kwa hiyo unataka elfu arobaini na tano kwa kutoboa tundu," mzee akasema.

"Na kuyaziba, mzee wangu."

Akampigia mwanawe Muscat, simu ya picha. Kijana akaomba aonyeshwe kasha, akasema nipake silikoni tu imeisha. Nikamwonyesha mjusi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama mjusi nimekuja naye mimi.

Nikaanza. Nikang'oa breka zote na baa yake, kilichobaki nikakifunika kwa kanga kuukuu, maana chembe moja ya chuma ikidondokea ndani ya breka utaitwa tena wiki ijayo. Msumeno wa milimita 32 ukaingia nusu ya bati, drili ikalia kama mbuzi, ikakata roho. Betri. Ile ya akiba ilikuwa nyumbani kwenye chaji, na kosa hilo ni langu.

Chaja ya pili ninayo begini, ila umeme wa nyumba nimeuzima mwenyewe. Mpangaji amefunga chumba kaenda zake Mgandini. Kumebaki kwa jirani, na mzee hasemi na jirani mwaka wa pili sasa kwa sababu ya tawi la mwembe. "Siombi kitu pale," akasema, akageuzia kiti upande wa pili. Nikaenda mimi. Mama jirani akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mzee ndiye aliyenituma. Nikisema ndiyo ni uongo, nikisema siyo nimemkosea adabu. Nikasema, "Mama, nimetumwa na drili." Akacheka, lakini waya wa kuvutia umeme hakuutoa hadi nilipomkazia swichi ya jikoni na kumwangalia feni inayolia. Saa nzima na ushee ikaenda hapo, jasho linanitiririka mgongoni, na adhuhuri ikaadhiniwa tundu bado nusu.

Baada ya swala sikutazama saa tena. Nikamalizia tundu, nikalipiga tupa ndani na nje hadi kidole kikizunguka hakikwaruzwi. Nikapaka redi oksaidi kwenye chuma kilichovuliwa rangi, nikaingoja ikauke. Hapo wengi wanaruka, na kutu inaanzia hapo hapo. Sumaku nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuipitisha ndani ya kasha mara tatu. Ya tatu ilitoka na vinyweleo viwili vya chuma. Nikapitisha ya nne.

Glandi yenye mpira wa matundu mawili kwa nyaya za mita, glandi ya 20 kwa pampu na waya mpya, nyaya nyingine kila moja na yake, vizibo vya chuma kwenye matundu ya bure. Juu ya kasha haitakiwi hata waya wa unene wa milimita moja upenye. Pembeni na chini, kidole kisiingie. Nimeshakuta watu wameziba kwa sementi, kwa gazeti, na siku moja kwa bablishi iliyotafunwa. Mwisho nikakaza waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwenye mwili wa kasha, nikapima, nikafunga kifuniko. Ukilitazama kwa nje ni lile lile la asubuhi. Mzee alilitazama hivyo hivyo.

Pampu ikawaka, swichi ikatulia. Tukaiwasha na kuizima mara kumi, mzee anahesabu kwa sauti.

Alinilipa elfu arobaini na nazi mbili. Hiyo tano, kasema, Jumamosi inshallah. Nikarudisha waya kwa mama jirani. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya ukuta, kama kasha lake nalo lina mijusi.

Magharibi ilinikuta Makorora. Mke wangu alinisimamisha mlangoni, shati nikalikung'utia nje. Wiki iliyopita mtoto alichomwa na chembe ya chuma mkekani. Betri ilikuwa mezani, taa yake ya kijani inawaka.